Kusamehe kisicho chako: kisa cha deni la laki sita katika kikundi cha akinamama, uwanda wa Makonde

Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya viongozi wa vikundi vya kuweka na kukopa, kamati za misikiti na makanisa, na maafisa wanaoitwa kusuluhisha pale fedha zinapowagombanisha watu wanaosali pamoja. Kilitokea katika kijiji kimoja mkoani Mtwara. Majina ya kijiji, kikundi na watu hayatajwi, mwaka umeachwa, na mambo madogo yanayoweza kumtambulisha mtu yamebadilishwa. Hesabu zimerahisishwa ila uwiano wake ni uleule. Mkopaji na aliyekuwa mwenyekiti walisomewa maandishi haya wakaridhia.

Usuli

Kikundi kilianza kama darasa. Akinamama walikutana kila Jumamosi baada ya alasiri kusoma Qur'ani kwa ustadhi wa madrasa ya kitongoji, kisha wakazoea kuchangiana mmoja wao anapofiwa au kujifungua. Kutoka hapo wakanunua sanduku la chuma lenye kufuli tatu, funguo zikashikwa na watu watatu, na wakaanza kuweka hisa za shilingi 2,000. Majirani watatu Waanglikana waliomba kujiunga wakapokelewa bila maneno. Nilipopangiwa kata ile kama afisa maendeleo ya jamii kilikuwa na wanachama 26.

Jambo moja lilikitofautisha na vikundi vya jirani: hakikutoza riba. Mkopo wa laki moja ulirudi laki moja, na hisa ya 2,000 ilirudi 2,000 mwisho wa mzunguko. Faida ya uanachama ilikuwa kupata mkopo wa hadi mara tatu ya hisa zako unapobanwa. Ulikuwepo pia mfuko wa jamii, ambao kila mmoja aliuchangia 500 kwa wiki, na ambao ulimpa 50,000 mwenye msiba au mgonjwa nyumbani. Akinamama walijivunia utaratibu huu, na walikuwa na haki ya kujivunia. Kukopeshana bila riba kwa miaka, katika kijiji ambacho shida ya fedha ina majira yake kama mvua, si kazi ndogo.

Majira hayo yanahitaji maelezo. Uwandani fedha ni korosho. Katikati ya mwaka mkulima anatoa: palizi, vibarua, kukodi mashine ya kupulizia salfa na kuitilia petroli, maana ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu, ukishika maua hakuna msimu. Korosho zinaokotwa kuanzia Oktoba. Tangu msimu wa 2007/2008 zinauzwa kwa stakabadhi ghalani: mkulima anapeleka chama cha msingi cha ushirika, wenyewe tunasema AMCOS, zinakwenda ghala kuu, zinapigwa mnada, ndipo fedha inaingia kwenye akaunti yake. Mfumo umeleta bei ya wazi, lakini anayeuguliwa mwezi wa Julai hawezi kuungoja mnada wa Oktoba.

Hapo ndipo kangomba anapoishi. Mnunuzi anakuja na fedha taslimu kabla ya msimu, anakupa kiasi anachotaka yeye, na korosho zikianza kudondoka anazichukua kwa kipimo chake, mara nyingi usiku. Ni biashara iliyokatazwa. Msimu wa 2018/2019, Serikali ilipoamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wakulima walihakikiwa mashamba yao kabla ya kulipwa, shabaha ikiwa ni kuwanasa wanunuzi wa aina hiyo. Kwa hiyo kila mtu kijijini anajua kwamba aliyeuza kwa kangomba ana jambo la kuficha, hata kama aliuza kwa sababu mtoto alikuwa kitandani.

Mambo yalivyokwenda

Mwezi wa Mei mwanachama mmoja, mama wa watoto wanne anayelima mikorosho aliyorithi upande wa mama yake, alikopa 600,000. Alikuwa na hisa 100, yaani 200,000, kwa hiyo alikuwa ndani ya kanuni. Aliahidi kulipa baada ya malipo ya kwanza ya mnada. Ahadi ilikuwa ya mdomo. Katika daftari katibu aliandika jina na kiasi. Safu ya tarehe ya marejesho ikabaki tupu, na safu ya mdhamini hivyohivyo. Mikopo yote ya kikundi iliandikwa namna hiyo. Katibu mmoja wa zamani aliwahi kupendekeza mashahidi wawili, akaambiwa, "Dada, sisi ni ndugu katika imani, unataka kutuandikiana kama wenye duka?"

Julai mwanawe wa tatu aliugua, akalazwa, akahamishiwa hospitali kubwa. Gharama zikapita uwezo wake. Hakuomba ile 50,000 ya mfuko wa jamii. Alipoulizwa baadaye kwa nini, alisema aliona haya kuomba huku akidaiwa. Akaenda kwa kangomba, akachukua fedha, akaahidi karibu korosho zake zote.

Msimu ulipofika, gunia zilitoka nyumbani kwake usiku na AMCOS hakupeleka kitu cha maana. Novemba alimwendea mwenyekiti kwa siri, akalia, akaeleza yote. Mwenyekiti, mwanamke wa miaka hamsini na kitu anayeheshimika sana, alimpeleka kwa ustadhi. Ustadhi akasoma aya ya 280 ya Sura ya Al-Baqara: mdaiwa akiwa na dhiki apewe muda mpaka afarijike, na kumwachia kama sadaka ni bora zaidi. Wakakubaliana watatu wao kwamba jambo hili lisitiriwe. Katibu na mweka hazina hawakuambiwa.

Kuanzia hapo mambo yaliharibika polepole. Januari, watoto wanaporudi shule, ndio wakati wa kuvunja mzunguko na kugawana. Sanduku lilipofunguliwa lilikuwa na 3,600,000 badala ya 4,200,000. Mweka hazina alihesabu mara ya pili mbele ya wote. Mwenyekiti akasema, "Kuna mwenzetu yuko kwenye mtihani, tuwe na subira." Hakutaja jina wala kiasi. Wanachama walikuwa na safu tupu katika daftari na mwenyekiti asiyetaka kusema, wakajaza wenyewe. Jioni ile ilishasemwa kisimani kwamba mwenyekiti amekula. Siku ya pili mtu aliona mabati mapya yameegemezwa kwenye ukuta wa mkopaji, basi ikawa wamekula wawili. Mabati yalikuwa ya kaka yake, dereva wa bodaboda anayejenga kiwanja cha pili.

Wiki iliyofuata ustadhi aliitwa kutuliza. Alizungumza vizuri, nimesimuliwa na wengi, akaeleza fadhila za kumsamehe mwenye dhiki, kisha akaomba wanaosamehe wanyooshe mkono. Mikono yote ikanyooka. Yeye na mwenyekiti wakaona limekwisha. Mchana huohuo wanachama wanne walikuja ofisini kwangu kulalamika, na kati yao wawili walikuwa wamenyoosha mkono.

Maamuzi, na sababu zake

Nilipokea lalamiko kwa sharti kwamba tuanze na hesabu kabla ya kumtafuta mwenye kosa. Daftari lilipitiwa na katibu, mweka hazina na wanachama wawili wasio viongozi. Lilionyesha wazi kwamba mwenyekiti hakugusa hata shilingi: pengo lilikuwa deni moja, la mtu mmoja. Kwa ridhaa ya mkopaji, jina lake na sababu ya deni vikasemwa kikundini. Aliogopa sana siku hiyo. Kilichotokea ni kwamba nusu ya ukali uliisha dakika ileile, maana wengi walikuwa wanajua mtoto aliugua. Hawakujua kwamba deni ndilo lililokuwa nyuma ya ukimya wa mwenyekiti.

Hatua iliyofuata ilikuwa kugawana kilichopo badala ya kungoja deni. Hisa 100 za mkopaji zilihesabiwa kupunguza deni lake, kwa hiyo likabaki 400,000. Wanachama wengine 25 kwa jumla walikuwa na hisa 2,000. Tukagawa 3,600,000: kila hisa ikapata 1,800 na kubaki ikidai 200. Baadhi walipendelea sanduku lifungwe mpaka deni lilipwe ili "tuumie pamoja". Nilipinga. Wanawake wenye watoto wa kupeleka shule hawakupaswa kulipa gharama ya subira ya watu wengine. Mfuko wa jamii nao ulimpa mkopaji ile 50,000 ambayo alistahili tangu Julai. Wawili walinung'unika, lakini kanuni ilikuwa yao wenyewe na haikusema mdaiwa hauguliwi.

Uamuzi uliochukua muda mrefu zaidi ulihusu msamaha. Nilimweleza ustadhi kwamba ile mikono haikunitosha, na nikamwomba aniambie kama dini inamruhusu mtu kusamehe haki ya mwenzake. Alinyamaza kidogo, akasema hapana, deni ni haki ya mja, na mwenye kuiachia ni mwenye haki. Ni yeye, wala si mimi, aliyependekeza kila mwanachama aulizwe peke yake. Tuliweka meza chini ya mwembe nyuma ya madrasa, katibu akakaa na daftari, na kila mmoja akaja kwa zamu kuchagua kati ya matatu: ninasamehe sehemu yangu, ninangoja msimu ujao, au ninaihitaji sasa. Jibu liliandikwa na halikutangazwa kwa jina.

Ilikuwa mikono 25. Mezani walisamehe kumi, wenye hisa 650, yaani 130,000. Kumi wengine, wenye hisa 900, walikubali kungoja 180,000 yao. Watano walihitaji fedha sasa: hisa 450, yaani 90,000.

Bibi mmoja mjane alikuwa kati ya hao watano. Alikuwa anadai 28,000. Ustadhi alikuwa amekaa jirani, naye bibi akamgeukia bila kuulizwa: "Ustadhi mwanangu, moyo wangu umesamehe tangu juzi. Lakini shuleni hawapokei moyo, wanataka sare." Ustadhi akamjibu, "Haki yako, bibi. Na huna dhambi." Naamini maneno hayo sita, kwa kutoka kwake, yalifanya kazi kuliko semina zote ninazoweza kuendesha. Mmoja wa Waanglikana naye alinieleza ya siku ile ya mikono: "Sisi tunasali kila siku utusamehe deni zetu, kama sisi nasi tuwasamehevyo wadeni wetu. Mikono yote ikiwa juu, wangu ningeuachaje chini?" Mezani alichagua kungoja.

Kwa ajili ya wale watano tuliuendea ukoo. Kwa Wamakonde ukoo unafuata upande wa mama, na jambo la namna hii ni la mjomba. Mjomba wa mkopaji alikuja na nduguze wawili, akasikiliza, akamlaumu mpwa wake kwa kutomwambia Julai, akatoa 90,000 kwa mikupuo miwili ndani ya mwezi. Alisema waziwazi kwamba hatoi sadaka: mpwa atamrudishia, ila huo ni mzungumzo wa nyumbani.

Ilibaki 180,000 ya kumi waliongoja. Mwanachama mmoja alitaka mkopaji aweke rehani mikorosho minane iliyo nyuma ya nyumba yake: kikundi kiokote msimu mzima kisha kimrudishie miti. Kwa macho ya kibiashara hilo lilikuwa safi, na ni jambo linalofanyika. Ustadhi alilikataa katakata. Alisema rehani ni halali, imo kwenye aya ya 283 ya sura ileile, lakini mkopeshaji akila zao kupita deni lake, hiyo ni riba iliyobadilishiwa jina. Kama miti minane ingezaa vizuri, kikundi kingechukua labda mara mbili ya kinachodaiwa kutoka kwa mama aliyetoka kuuguza mtoto. Tukaandika hivi: korosho za miti hiyo zitapelekwa AMCOS kwa jina la mkopaji mwenyewe, mwanachama mmoja akiwepo wakati wa kupima, fedha ikiingia ataitoa kwa wakala akiwa na katibu, 180,000 ni ya kikundi, kinachozidi ni chake. Karatasi ilitiwa sahihi na mkopaji, mjomba, katibu na mashahidi wawili, nakala ikabaki ofisi ya mtendaji wa kijiji.

Kuhusu kangomba, niliwaambia wote kwamba biashara ile ni kosa na kwamba mkopaji akitaka kutoa taarifa nitamsindikiza. Hakutaka. Mnunuzi ni mtu wa kijiji cha pili, ana ndugu hapo. Hatukulifanya deni la kikundi kuwa shoka la kumlazimisha.

Matokeo

Msimu uliofuata mkopaji alilipa 110,000 baada ya malipo ya kwanza na 70,000 zilizobaki mwezi wa Januari. Deni lilikwisha. Mtoto amepona na yuko darasani.

Kikundi hakikutoka salama vilevile. Wanachama saba hawakurudi kwenye mzunguko mpya, mkopaji akiwa mmoja wao. Mwenyekiti alisafishwa mbele ya wote, lakini kwenye uchaguzi alipata kura chache akakaa pembeni. Yeye na mkopaji wanaonana mazishini na arusini, wanapeana mikono, wala hawatembeleani tena kama zamani. Mwenyekiti aliniambia kilichomuuma ni kwamba watu aliowapikia uji walipofiwa waliweza kuamini ndani ya jioni moja kwamba ni mwizi. Kusema kweli hakuna suluhisho la karatasi kwa jeraha hilo.

Wanachama 19 waliobaki wanaendelea kukopeshana bila riba. Daftari jipya lina safu ya tarehe ya marejesho, mashahidi wawili na mdhamini, na mkopo hautoki safu zikiwa tupu. Wasiojua kuandika wanaweka dole gumba mbele ya shahidi wanayemchagua wenyewe.

Uchambuzi

Wengi waliosimuliwa kisa hiki wanakieleza kama ugomvi kati ya dini na hesabu: upande mmoja ustadhi na mwenyekiti wenye huruma, upande wa pili watu wa fedha. Sikubaliani nao. Aya aliyoisoma ustadhi Novemba ni ya 280. Aya ya pili baada yake, ya 282, ndiyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, na karibu yote inazungumzia kuandika deni: liandikwe pamoja na muda wake, mwandishi aandike kwa uadilifu, mashahidi wawepo, na watu wasichoke kuandika, liwe dogo au kubwa. Sababu inatajwa humohumo: ndiyo haki zaidi mbele ya Mwenyezi Mungu, ndiyo thabiti zaidi kwa ushahidi, na ndiyo inayowakurubisha zaidi na kutokuwa na shaka. Kumwonea huruma mdaiwa na kumwandikia deni lake vimewekwa jirani katika sura moja. Kikundi kilichukua cha kwanza kikaona cha pili ni tabia ya wenye duka.

Na shaka ndiyo iliyowavunja. Deni la laki sita lilikwisha. Imani kwa mwenyekiti haikurudi. Safu ya tarehe ingejazwa Mei, wanachama wangejua Novemba kwamba mwenzao amepitiliza, wangeuliza, wangeambiwa, na mabati ya bodaboda yangebaki mabati. Anayekataa kuandika kwa sababu "sisi ni ndugu" anafikiri anaulinda udugu. Kwa jinsi nilivyoona pale, anawaachia ndugu zake kazi ya kuwaziana mema bila kuwapa chochote cha kushikilia.

Kosa la pili lilikuwa la kusamehe kisicho chako, na ni la hatari zaidi kwa sababu linapendeza. Mwenyekiti aliona ana moyo mkubwa, na kweli anao. Lakini fedha aliyoisamehe ilikuwa ya bibi wa sare. Katika mafundisho ya Kiislamu uzito wa deni unaelezwa kwa namna isiyoacha mwanya: iko hadithi kwamba shahidi, yaani aliyeuawa katika njia ya Mungu, husamehewa kila dhambi isipokuwa deni. Iko nyingine ya maiti aliyeletwa kuswaliwa, Mtume akauliza kama anadaiwa, akaambiwa ndiyo, akawaambia masahaba wamswalie mwenzao. Abu Qatada akasema deni lile ni juu yake, ndipo Mtume akamswalia. Napenda hadithi hiyo kwa jambo moja: hakuna aliyewaomba wenye kudai waachie. Mtu aliyetaka kuwa mkarimu alitoa mfukoni mwake. Mjomba alifanya hivyohivyo, ingawa kwa sababu za ukoo. Mwenyekiti angeweza kusema Novemba, "Mimi nina hisa 150, sehemu yangu nimeiachia," na watu wangemfuata au wasingemfuata, lakini hakuna ambaye angemwita mwizi.

Ile mikono 25 inastahili kukumbukwa na kila anayeongoza mkutano wa watu wa imani. Mtu akiombwa msamaha hadharani, mbele ya kiongozi wa dini, na jirani yake ameshanyoosha mkono, anachotoa ni kukwepa aibu. Msamaha wa namna hiyo unageuka uchungu kabla hajafika nyumbani kwake. Mezani walisamehe kumi, na hao kumi sijasikia hata mmoja akilalamika mpaka leo. Kwa hesabu ya fedha tulipata kidogo kuliko 400,000 nzima. Kwa hesabu ya msamaha tulipata zaidi, kwa kuwa tulichopata kilikuwa msamaha kweli.

Kusitiri nako kulikosewa kipimo. Kumsitiri mwenzako aibu yake ni jambo jema, na mkopaji alikuwa na aibu mbili za kusitiriwa: kwamba aliuza kwa kangomba, na kwamba alilia. Hizo zingebaki kwa mwenyekiti. Deni lenyewe halikuwa aibu ya mtu, lilikuwa habari ya sanduku, na wenye sanduku walikuwa 26. Mwenyekiti angeweza kulitangaza deni Novemba na kuficha machozi. Alificha vyote, na mwishowe vyote vikatoka.

Liko swali ambalo hakuna aliyeuliza mapema: je, huyu ana dhiki kweli, au ana uwezo anachelewesha? Hadithi nyingine mashuhuri inasema kuchelewesha kulipa kwa mwenye uwezo ni dhulma, na aya ya 280 inamhusu mwenye dhiki. Kuna watu wawili tofauti hapa, wenye hukumu mbili tofauti, na huwezi kuwatofautisha bila kukaa na mtu na kuuliza: una nini, unadaiwa na nani mwingine, msimu ujao unategemea miti mingapi? Maswali haya watu wanayaona makavu, ya kibenki. Mimi nayaona ndiyo mwanzo wa huruma, kwa kuwa yangeulizwa Julai, ile 50,000 na mjomba vingejitokeza kabla ya kangomba. Mwanachama mmoja alirudia sana kikaoni kwamba dawa ya deni kulipa. Ni kweli, lakini mkopaji huyu alikuwa tayari analipa: alimlipa kangomba, aliyekuja na gunia mlangoni, huku akina dada wa darasa, wasiokuja, wakingoja.

Kwa upande mwingine, anayesoma kisa hiki asiondoke akidhani kwamba upole wa dini ulihitaji kukaziwa na watu wa hesabu, basi. Kwenye rehani ilikuwa kinyume. Sisi watu wa hesabu, nami nikiwemo mezani, tuliona miti minane ni dhamana nzuri tukaanza kuandika. Aliyetuzuia ni ustadhi, kwa kanuni ambayo mkopaji mwenyewe asingethubutu kuidai. Kanuni ile ilimwokolea zao lake, na nadhani ndiyo iliyomfanya alipe bila kusukumwa. Ustadhi alisimama mahali palepale aliposimama tangu mwanzo. Safari hii tu alikuwa na takwimu mbele yake.

Usuluhishi wenyewe una doa ambalo lazima lisemwe. Kikundi ni cha wanawake, deni ni la mwanamke, lakini maneno yaliyoamua yalikuwa ya ustadhi na ya mjomba. Mkopaji alikaa mkekani akisikiliza mipango ya miti yake mwenyewe, akaulizwa mwishoni kama ameridhika. Alipokuja kusomewa maandishi haya aliniambia, "Bibi Maendeleo, deni nililipa mimi. Lakini siku ile mlinisema kama vile nimelala." Mjomba alikuwa wa lazima, bila yeye watano wale wasingepata haki yao. Hata hivyo kikao kingeweza kumpa mkopaji nafasi ya kwanza ya kusema anachoweza, na mjomba akaongezea. Nadhani hilo ndilo lililomfanya asirudi kikundini, kuliko aibu ya deni.

Lisilopata jibu

Kangomba yule alirudi msimu uliofuata. Mwanachama mwingine wa kikundi, safari hii kwa ajili ya mazishi ya mama yake, alimuuzia sehemu ya korosho zake, na safari hii wanachama walijua wiki ileile kwa sababu alisema. Kikundi kimepandisha msaada wa ugonjwa na msiba kutoka 50,000 hadi 80,000, na kimekubaliana kwamba unatolewa hata kama mhusika anadaiwa. Bili ya kulazwa wiki mbili haiishi kwa 80,000. Wanachama wamependekeza kuwe na mkopo wa dharura wa Julai na Agosti peke yake, unaolipwa baada ya mnada, wenye mashahidi na tarehe. Mweka hazina anapinga kwa sababu miezi hiyo sanduku huwa karibu tupu, wote wakiwa wameshakopea palizi, na mimi sijapata hoja ya kumjibu.